Barua ya Wazi kwa Wenye Gemu Zao

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.

Kwa Wakurugenzi Wakuu wa Kampuni za Gemu,
San Mateo, Redmond, Kyoto, Redwood City na kokote kwingine bei zinakopangwa.

YAH: MAOMBI YA KUJULISHWA NILICHONUNUA

Waheshimiwa, shikamooni. Najua wengine kati yenu ni wadogo kwangu, lakini kwetu mwenye nyumba huamkiwa hata akiwa na umri wa mwanao. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote natanguliza shukrani. Mwaka 2020 gemu kubwa ilipopanda kutoka dola 60 hadi 70, NBA 2K21 ikiwa mstari wa mbele, nilinyamaza. Mwaka 2025 Nintendo mlipoiuza Mario Kart World kwa dola 80 nilinyamaza pia, maana mtu mzima haanzishi ugomvi kwa sababu ya magari ya katuni. Nilichofanya ni kuchukua kikokotoo. Dola 80 kwetu ni karibu shilingi laki mbili. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania, baada ya kupandishwa Julai mwaka huohuo, kilikuwa shilingi laki tano. Kwa hiyo mhudumu wa ofisi ya serikali anayetaka kumwona Mario akikata kona anafanya kazi siku 12 kwa ajili ya Mario, na siku 18 zilizobaki anafanya kazi kwa ajili ya unga, kodi ya chumba, nauli na umeme. Nampongeza kwa nidhamu, nanyi nawapongeza kwa kumwamini.

Kabla sijaendelea naomba niwaeleze kuhusu kibanda, maana nina wasiwasi hamjawahi kufika.

Kilikuwa chumba cha mabati nyuma ya saluni, upana wa vitanda viwili. Ndani mlikuwa na TV mbili za chogo na PS2 mbili zisizo na mfuniko, sidii ikizunguka waziwazi kama chapati kikaangoni. Ikikwama, kaka mwenye kibanda anaitoa, anaipangusa kwa fulana yake kuanzia katikati kwenda nje, anaipuliza, anairudisha. PES yake, gemu ya soka, ilikuwa na Simba na Yanga. Msishangae, alikesha usiku mmoja na pedi mkononi akibadilisha majina herufi kwa herufi. Yanga ilikuwa Brazil, jezi ya njano ikimsaidia. Simba ilikuwa Liverpool. Ukutani aliandika kwa makapeni: MECHI 200. HAKUNA MKOPO. UKIVUNJA PEDI UNANUNUA. Kwamba anayefungwa anaachia pedi hakuliandika, kwa sababu hakuna anayeandika ukutani kwamba jua litazama.

Kaka yule hakuwahi kuniambia kwamba nimenunua PS2. Hakuwahi kuniambia kwamba sidii ni yangu. Aliniuzia dakika kumi, zikiisha ananigusa bega. Alikodisha, na alisema anakodisha. Hilo liwekeni pembeni, nitalirudia.

Juni 2013, ninyi wa Sony mlitoa video ya sekunde ishirini na ushei ya kufundisha namna ya kuazimana gemu kwenye PS4. Mkubwa wenu mmoja, Shuhei Yoshida, anampa mwenzake, Adam Boyes, kasha la gemu. Boyes anashukuru. Basi, somo limekwisha. Mlikuwa mnawasuta Microsoft, ambao walikuwa wametangaza masharti ya kubana gemu za mtumba na za kuazima kwenye Xbox One. Walizomewa mpaka wakayafuta mwezi uleule. Nilicheka sana. Sikujua nacheka kwa mkopo. Novemba 2024 mlituletea PS5 Pro ya dola 700 isiyo na mahali pa kuingizia sidii. Mahali hapo panauzwa peke yake, dola 80 nyingine. Nyumba imeuzwa, mlango una risiti yake.

Nintendo wa Kyoto wao wamekwenda mbali zaidi. Kuna gemu za Switch 2 ambazo unanunua kasha, ndani ya kasha mna kadi, na ndani ya kadi hamna gemu. Mna ruhusa ya kwenda kuipakua. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu na bado nalivulia kofia: wamefanikiwa kuuza foleni.

Labda hamjui sidii ina maana gani kwetu. Kariakoo ukimaliza gemu unaipeleka dukani, unaongeza elfu thelathini, unatoka na nyingine. Sidii moja inapita mikono kumi. God of War ninayoitunza ilinifikia ikiwa na jina la mtu limeandikwa kwa bolpeni ndani ya kava, na chini yake maneno "chumba cha 4, irudi". Haikurudi. Gemu ya kupakua haiongezewi elfu thelathini, haiazimwi chumba cha nne, na ukifa haigawanywi na ndugu.

Kuipakua kwenyewe kuna mambo. Mtandao wenu wa PlayStation haujaifungulia milango Tanzania, wala Kenya, wala Uganda. Afrika Kusini wanao. Kwa hiyo mimi ni mtu wa Temeke lakini akaunti yangu ni Mmarekani. Nilimtafutia anwani ya hoteli kwenye ramani, na kwa miaka sita sasa anaishi humo bila kulipia hata usiku mmoja. Hajawahi kuugua, hajawahi kuulizwa viza. Mei 2024 mlipoamua kwamba kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima awe na akaunti ya PSN, gemu ikaondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170, zikiwamo nchi ambazo watu wake walikwishalipa wakacheza. Kelele zilipozidi mkaliondoa sharti. Siku hiyo Mmarekani wangu alinitazama kwa huruma.

Mmarekani huyo hali M-Pesa. Anakula kadi za zawadi, nazo nanunua WhatsApp kwa kijana anayeniongezea cha juu kwa kila dola. Siku moja alinitumia namba za kadi ya Uingereza. Nikamwambia haziingii, akaunti ni ya Marekani. Akanijibu, "Kaka, kwani si Kiingereza kilekile?" Nilikosa la kumjibu. Naombeni jibu lake, nitamfikishia.

Kwa kukwepa hayo yote, Jumamosi moja nilinunua sidii mpya kabisa, bado inanukia plastiki. Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa amekaa tayari kwenye mkeka, pedi kaishika kwa mikono miwili. Mashine ikaimeza sidii, ikafikiri, ikasema inahitaji gigabaiti 64. Mpwa akaniuliza, "Mjomba, hiyo iliyoingia ni nini?" Nikasema ni gemu. "Na hiyo inayopakuliwa?" Nikasema ni gemu pia. Nikaunga bando la usiku. Saa nane na robo usiku ilikuwa imefika asilimia 91, Luku ikaisha. Asubuhi nimenunua umeme, mashine imewaka, na asilimia zile zimeanza kuhesabiwa upya kwa sababu ambazo mashine haikunieleza. Mpwa alivaa kandambili zake akasema, "Mjomba, si twende tu kibandani?"

Tukaenda. Kaka mwenye kibanda ana mvi siku hizi, ana PS4 na TV bapa, mechi ni mia tano. Tangu kulipa hadi mpira kuanza zilipita dakika mbili, na moja kati ya hizo alikuwa anatafuta chenji. Mpwa alinifunga tatu bila. Nikaachia pedi.

Tuje kwenye maneno. Kitufe chenu kimeandikwa "nunua". Mwishoni mwa 2014 Ubisoft waliwauzia watu The Crew, gemu ya kuzunguka Marekani nzima kwa gari. Machi 31, 2024 wakazima seva, na gari halikuweza tena kutoka hata getini, hata kwa mtu aliyetaka kuzunguka peke yake bila kumsumbua yeyote. Kisha leseni za walionunua zikafutwa. Januari mwaka huohuo mkurugenzi wao wa mambo ya usajili alikuwa amekwishaeleza, kwa utulivu wa daktari, kwamba itabidi wachezaji wazoee kutomiliki gemu. Wengine hawakuzoea. Mmoja wao, Ross Scott, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 saini zilizokusanywa Ulaya zilikuwa zimepita milioni moja. California nako, tangu Januari 2025, sheria inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amwambie mnunuzi waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Waheshimiwa, mmeandikiwa sheria ya kuwataka mseme kile ambacho muuza dakika wa Tandika alikiandika ukutani kwa hiari yake, na tahajia aliipatia.

Concord ya Sony sitaitaja sana, maana kwetu marehemu hasemwi vibaya. Ilitoka Agosti 23, 2024, ikazimwa Septemba 6. Maziwa ya pakiti hukaa kabatini muda mrefu kuliko hivyo. Na haki yenu nawapa: hela mlirudisha.

EA wa Redwood City, msidhani nimewasahau. Tangu 1993 mnatuletea soka kila mwaka bila kukosa, utadhani ni Ramadhani. Jina la FIFA mlishaliacha baada ya FIFA 23, sasa tunaiita EA Sports FC, na kibandani bado wanaiita fifa na wataiita fifa hadi kiama. Kwenye Switch mlikuwa wakweli ajabu: kuanzia FIFA 20 hadi 23 mliuza toleo mliloliita Legacy Edition, na mkasema wenyewe kwamba uchezaji ni uleule, kilichobadilika ni jezi na vikosi. Kaka mwenye kibanda alibadilisha majina usiku mmoja bila kutoza mtu. Legacy mnasema ni urithi. Sisi tunaita kiporo.

Nisieleweke vibaya, kiporo kwetu ni chakula cha heshima. Wali wa jana uliopashwa asubuhi na chai ya rangi umesomesha watu hadi chuo kikuu. Ila haujawahi kuuzwa bei ya biriani ya harusi. The Last of Us ilitoka 2013 kwenye PS3, ikapashwa 2014 kwenye PS4, ikapashwa tena 2022 kwenye PS5 kwa dola 70. Skyrim ya 2011 imepashwa mara nyingi kiasi kwamba sufuria sasa linatoboka. GTA V ilitoka Septemba 2013, na kabla mdogo wake hajazaliwa ikawa imepita vizazi vitatu vya mashine. GTA VI mlisema 2025, mkasema Mei 2026, mkasema Novemba 19, 2026. Mtoto aliyezaliwa wiki moja na GTA V, kufikia tarehe hiyo atakuwa amemaliza la saba.

Lakini lililonikalia kooni kwenye soka lenu ni pakiti. Kwenye Ultimate Team nanunua pakiti ya wachezaji bila kujua ndani mna nani. Uwezekano wa kumpata mchezaji wa maana umeandikwa, nakiri, na mara nyingi umeandikwa kuwa chini ya asilimia 1. Ubelgiji waliangalia jambo hili mwaka 2018 wakasema hii ni kamari, na mwishoni mwa Januari 2019 mkaacha kuuza pointi za kununulia pakiti kule. Huku kwetu tuna mchezo kama huo, unaitwa karata tatu, unachezwa juu ya boksi pembeni ya kituo cha daladala. Tofauti naziona mbili. Mwenye karata tatu akiwaona polisi anabeba boksi na kukimbia. Na ukimla, hela yako hakuambii Septemba ijayo kwamba haitumiki, kwa kuwa msimu mpya umeingia, tuanze moja. Timu niliyoijenga kwa mwaka mzima, pamoja na beki mmoja niliyempata kwa bahati ya ajabu usiku wa sikukuu, haihamii kwenye gemu mpya. Beki anabaki kule. Sijui anakula nini.

Mtaniambia ninalalamika bila kujua gharama. Ninajua. Kaseti za miaka ya 90 zilifika dola 60 na 70 wakati dola ni dola kweli. Bei ya dola 60 ilikaa karibu miaka 15 bila kuguswa huku kila kitu kikipanda, na kutengeneza gemu kubwa leo kunahitaji watu mamia na miaka mitano au sita. Hilo nalikubali bila kejeli, na ndiyo sentensi pekee kwenye barua hii mnayoweza kuikata mkaibandika ofisini.

Kinachonishinda ni mengine. PS2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000, mwaka 2009 ikawa dola 99; ilizeeka, ikashuka, ikafika Tandika, nikaikuta. PS5 ilianza dola 500 mwaka 2020 na Agosti 2025 ikawa 550 hukohuko Marekani. Mtumba wenu unapanda bei kadiri unavyochakaa. Kwa mwendo huo itafika Tandika lini? Game Pass Ultimate ya Microsoft, ambayo mlituambia ndiyo dawa ya bei za gemu, Oktoba 2025 ilitoka dola 20 kwa mwezi ikawa 30. Baba mwenye nyumba wangu akipandisha kodi kwa nusu nzima angalau anapiga rangi choo.

Na hela ya kutengenezea gemu mnasema haipo, sawa, lakini Oktoba 2023 Microsoft mliinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7. Januari iliyofuata mkawaachisha kazi watu 1,900 wa idara ya gemu. Mei mkaifunga Tango Gameworks, waliotutengenezea Hi-Fi Rush ambayo kila mtu aliisifu, ninyi mkiwamo. Mtu gani ananunua ng'ombe wote wa mnadani kisha anachinja aliyekuwa anatoa maziwa? Tango waliokolewa baadaye na Wakorea wa Krafton. Mungu hamtupi mja wake. EA nao, Septemba 2025, ikatangazwa kwamba wananunuliwa kwa dola bilioni 55 na kundi ambalo ndani yake mna mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia. Beki wangu atakuwa sehemu ya mali hiyo. Naombeni wamtunze.

Wakati huohuo kuna wenzenu wadogo wanaowaharibia hoja. Sandfall, kikundi kidogo cha Montpellier, Ufaransa, Aprili 2025 walitoa Clair Obscur: Expedition 33 kwa dola 50, ikauza mamilioni na kuwa gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Septemba, Team Cherry wa Adelaide, Australia, watu mnaoweza kuwapakia wote kwenye bajaji moja kwa kubanana, walitoa Hollow Knight: Silksong kwa dola 20, na maduka ya kidijitali yakazidiwa na wateja siku ya kwanza, yenu yakiwamo. Sisemi mfanye kama wao. Nasema tu kwamba tumewaona.

Baada ya maelezo hayo, maombi yangu ni madogo. Siombi bei ishuke, maana najua mkiishusha mtaipandishia kwingine. Siombi seva ziwake milele. Siombi hata Simba na Yanga kwenye fifa, ingawa Brazil wa Tandika amechoka kuvaa jina la watu.

Naomba kile kitufe kifutwe neno "nunua". Mahali pake aajiriwe mtu mwenye makapeni na mwandiko mkubwa, aandike ukutani, juu kidogo ya televisheni, ili hata mpwa wangu asome: DOLA 70. UNAKODI. TUKICHOKA TUNAZIMA. Kama mtapata shida ya kumpata mwandishi, kaka mwenye kibanda yupo, anapatikana kuanzia saa nne asubuhi, na makapeni ni yake mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji, Tandika.

Nakala kwa taarifa:
Mmarekani wangu, hotelini.
Kijana wa kadi, WhatsApp.
Kaka mwenye kibanda. (Kaka, ile mia tano ya Jumapili iliyopita nitaileta kesho. Najua umeandika hakuna mkopo.)